SOMO: Saa ya jua ya bustanini, kwa vipimo vya Kigoma

Wakuu, tangu niweke picha ya saa yangu ya jua, ile inayosomwa kwa kivuli, inboksi imejaa swali moja: inatengenezwaje? Naandika mara moja tu.

1. Mimina kibao cha zege, sm 60 kwa 60. Kimwagilie maji siku kadhaa.

2. Simika nondo nyembamba juu ya viguu viwili, sm 10 kutoka usoni mwa kibao, sambamba nacho, ikienda kaskazini-kusini.

3. Kupata kusini: simamisha kijiti wima, kizungushie duara kwa kamba. Tia alama ncha ya kivuli inapogusa duara asubuhi, kisha alasiri. Unganisha alama: hiyo ni mashariki-magharibi. Mstari unaoukata huo kwa pembe mraba ndio kaskazini-kusini.

4. Mwinamo. Hapa ndipo watu wanaharibu. Michoro mingi ya mtandaoni ni ya Ulaya. London iko nyuzi 51 kaskazini mwa ikweta, ndiyo maana chuma chao kimesimama kama ngazi na kutazama kaskazini. Sisi tuko nyuzi 5 kusini. Inua ncha ya KUSINI ya kibao, tena kidogo: sm 5 kwa kibao hiki. Hakikisha kwa pimamaji mashariki-magharibi pako sawa kabisa. Ukinakili ya London, usinipigie.

5. Chora mistari sambamba na nondo: wa katikati, chini ya nondo, andika 7. Kutoka hapo pima sm 2.7, 5.8, 10 na 17.3 kila upande. Magharibi 6, 5, 4, 3. Mashariki 8, 9, 10, 11.

MASWALI

kibirizi_boy: Mkuu, niinue nyuzi ngapi?
— Hatua ya 4.

kibirizi_boy: Nimesoma juu juu.
— Ndiyo naona.

binti_ujiji: Kwa nini katikati 7 na siyo 6? Mchana si saa sita?
— Swali zuri, dada. Saa yetu imefungwa kwenye longitudo 45, huko baharini nje ya nchi. Kigoma ni 29 na nusu hivi. Jua hula dakika 4 kwa kila nyuzi, kwa hiyo linatufikia utosini saa nzima baadaye.

mnyamwezi_tbr: Na Tabora?
— Mwinamo uleule. Ukisoma toa dakika kama 11.

binti_ujiji: Mwanangu anasema Februari inachelewa, Novemba inawahi.
— Hongera zake! Mwanzoni mwa Novemba inatangulia robo saa hivi, katikati ya Februari inabaki nyuma karibu hivyo hivyo. Njia ya dunia si duara kamili na mhimili wake umeinama. Mwambie afunge shanga katikati ya nondo, kila Jumapili saa saba kamili ya simu aweke nukta ya rangi kwenye kivuli cha shanga. Mwaka ukiisha atakuta umbo la namba 8.

mzee_gungu: Kuku wanalala juu ya nondo.
— Vuta uzi wa nailoni sm chache juu yake, mzee wangu. Na ipake rangi ya mafuta kabla mvua hazijaanza.

mzee_gungu: Mama watoto ameanza kuanikia dagaa hapo.
— Hilo siliwezi.