RAM ipo, AutoCAD inagoma: usinunue kitu kabla hujafungua CONFIG.SYS

Mzee alishuka kwenye bajaji na kompyuta ameifunga kwa khanga kuukuu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu. Hii wameiongezea RAM mara mbili yake na bado inagoma."

Ilikuwa 486 DX2 ya megahezi 66, mfumo wa DOS 5, na ndani yake AutoCAD Release 12 ya DOS, programu ya kuchorea ramani, ile ya 1992. Mzee alikuwa mpima ardhi. Amestaafu, lakini michoro yake ya viwanja na mifereji ya Kibosho na Old Moshi imo humo, na ubao wake wa kunakilia ramani hauelewani na kompyuta za siku hizi. Kabla ya kufika mezani kwangu hapa Mbuyuni alishapita kwa fundi mwingine, akauziwa RAM, kutoka mega 8 hadi 16. Programu ikaendelea kutoa maneno yaleyale.

Basi anza kwa kuyasoma maneno hayo mpaka mwisho. Wengi tukiona kitu kinachohusu kumbukumbu tunakimbilia kuchomeka RAM. Skrini ya mzee ilikuwa inasema kwamba chipu tayari inaendeshwa katika hali ya 8086 ya kuigiza, chini ya programu nyingine, na kwamba programu hiyo izimwe kwanza. Hakuna mahali palipoandikwa kuwa RAM haitoshi.

Hiyo programu nyingine ni nani? Hapa inabidi turudi nyuma kidogo. DOS ilitengenezewa IBM PC ya 1981, yenye chipu ya 8088 inayoona mega 1 tu: kilo 640 za programu, na kilo 384 za juu zikaachiwa kadi ya picha, BIOS (programu ya ubao inayowasha mashine) na wenzao. Chipu zilizofuata zinaona mbali zaidi, 286 mega 16 na 386 giga 4, ila ili zifike huko lazima zihamie hali ya ulinzi, na DOS haiwezi kuishi huko. Kipanuzi cha kumbukumbu ndicho kinachosaidia. Kinakuja kimefungwa ndani ya programu yenyewe: AutoCAD hii inatumia cha Phar Lap, na magemu kama DOOM ya 1993 yanatumia DOS/4GW. Kinaipandisha chipu juu, kinaendesha programu, kisha kinaishusha kila DOS inapotakiwa kusoma faili.

Sasa EMM386, programu ya DOS ya kusimamia kumbukumbu, nayo inaishika chipu hiyohiyo, tena tangu kompyuta inawaka. Kipanuzi kikifika kinakuta kwenye kiti cha dereva kuna mtu. Fahari wawili hawakai zizi moja, isipokuwa wawe na makubaliano, na makubaliano yapo ya aina mbili: VCPI, ya zamani, na DPMI, iliyokuja baadaye na Windows. EMM386 inaijua VCPI. Lakini kwenye DOS 5 ukiiandikia neno NOEMS, unazima EMS, kumbukumbu ya nyongeza ya mtindo wa zamani, na VCPI inakwenda nayo.

Nikaandika EDIT C:\CONFIG.SYS, kufungua faili ambalo DOS inalisoma kila inapowaka, na mstari wa pili ukawa huu:

DEVICE=C:\DOS\EMM386.EXE NOEMS

Kuna mtu alitaka kubana nafasi kwenye zile kilo 640. Nia njema kabisa. Nikauliza neno hilo liliandikwa lini, mzee akasema siku ileile kipanya kilipowekwa. AutoCAD ikaanza kugoma kuanzia hapo, yeye akadhani ni uzee wa mashine.

Usiufute mstari. Weka REM mbele yake, DOS itauruka, na kesho utaweza kuurudisha. Na kabla hujagusa chochote tengeneza flopi ya kuwashia kwa FORMAT A: /S, kwa sababu DOS 5 haina zile F5 na F8 za DOS 6 za kuruka CONFIG.SYS au kuipitia mstari kwa mstari. Ukikosea huna pa kutokea. Mimi nimewahi kukosea, na nilimpigia mteja simu mbili za uongo kabla sijapata flopi ya kuazima.

Ya mzee ikabaki hivi:

DEVICE=C:\DOS\HIMEM.SYS
REM DEVICE=C:\DOS\EMM386.EXE NOEMS
DOS=HIGH
FILES=40
BUFFERS=20

DOS=HIGH inaihamishia sehemu kubwa ya DOS kwenye kile kipande cha karibu kilo 64 kinachoanzia pale mega ya kwanza inapoishia, kwa hiyo hupotezi sana ukiondoa EMM386. Kwenye AUTOEXEC.BAT, faili la amri za kuwashia, kulikuwa na LH (pakia juu) mbele ya dereva ya kipanya, iache. Isipopata nafasi ya juu inapakia chini, haileti ugomvi. Washa upya, andika MEM, hakikisha kumbukumbu ya XMS, ile ya juu ya mega ya kwanza, inaonekana.

Kuna wasioweza kuishi bila EMM386, labda wana programu nyingine inayodai EMS. Hao waandike RAM badala ya NOEMS, na waweke namba:

DEVICE=C:\DOS\EMM386.EXE 4096 RAM

Namba hiyo watu wanaisahau. Kwenye DOS 5, usipoitaja, EMM386 inatenga kilo 256 tu, na kipanuzi kinachoingia kwa VCPI kinachota humohumo. Utakuwa na mega 16 na programu inalia njaa, inaona robo ya mega. DOS 6 imelegeza hilo, EMS na XMS zinachota bwawa moja.

Kesi ya mzee haikuishia hapo. Tulipowasha, HIMEM, inayosimamia kumbukumbu ya juu ya mega ya kwanza, ikasema haiwezi kuudhibiti mstari wa A20. Kwa nini asubuhi ulikubali na sasa umekataa?

A20 ni waya wa anwani unaoifungulia chipu njia ya kuvuka mega ya kwanza. IBM walipotoa AT mwaka 1984 walitaka programu za zamani zisichanganyikiwe, wakauwekea swichi, na swichi wakaipitisha kwenye chipu ya kibodi kwa kuwa ilikuwa na pini isiyo na kazi. Usicheke, ndivyo ilivyo: kibodi ikiugua, kumbukumbu inaweza kukosa mlango. Kwanza nilijaribu dawa za kwenye faili. HIMEM huwa inabahatisha aina ya mashine, na ikikosea unaiambia mwenyewe:

DEVICE=C:\DOS\HIMEM.SYS /MACHINE:1

Namba 1 ni ya mashine za mfano wa AT, yaani nyingi tunazookota huku. Ikigoma jaribu nyingine, moja baada ya moja. Ingia pia BIOS, tafuta Gate A20, ibadilishe kati ya Fast na Normal. Kwa mzee hakuna kilichosaidia.

Nikafungua mfuniko. Vumbi jekundu unalitegemea. Ila pembeni mwa soketi ya kibodi kulikuwa na betri ya bluu ya pipa, ile ya kuchaji, na chini yake ukungu wa kijani umetambaa mpaka kwenye miguu ya chipu ya kibodi. Betri hizi zikizeeka zinavuja, na ubao uliotikiswa kwenye bajaji unamalizia kazi. Ulipowaka asubuhi waya ulikuwa unashika kwa bahati.

Nikaikata betri kwa koleo. Majimaji yake ni ya magadi, kwa hiyo dawa yake ni siki. Siki nyeupe ya dukani, mswaki wa zamani, unasugua polepole mpaka povu liishe, unasuuza na spiriti, unaanika. Usianike juani, plastiki za soketi zinapinda. Mimi naweka mbele ya feni nusu siku. Mguu mmoja wa chipu ulikuwa umeliwa, nikauchomelea uzi wa shaba mwembamba kama unywele. HIMEM ikapita bila kunung'unika, hata nilipoiondolea ile /MACHINE.

Wenye mashine tofauti, nitawapitia haraka. Ukiwa ndani ya Windows 3.1 au 95, VCPI haipokelewi, ni DPMI peke yake. AutoCAD 12 kwenye Windows 3.1 inahitaji faili PHARLAP.386 itajwe ndani ya SYSTEM.INI, faili la mipangilio la Windows, chini ya [386Enh]. Bila hivyo toka Windows kwanza. Pentium iliyojazwa RAM nayo ina yake: HIMEM ya DOS 6.22 haioni zaidi ya mega 64, na ukikuta inaishia mega 15 kagua kwenye BIOS kama kuna tundu, yaani kipande cha kumbukumbu kilichoachwa wazi, limewashwa kati ya mega 15 na 16. Programu inayolalamika kwamba hakuna DPMI, iwekee CWSDPMI.EXE, inayoileta hiyo DPMI, kwenye folda yake. Vijana wa magemu ambao DOS/4GW inawaangukia na namba 2001, hapo programu imegusa pasipo pake. Jaribu DOS/32A, kipanuzi kingine, inaweza kuchukua nafasi ya DOS/4GW, na kama bado, hapo ndipo nakubali uitilie shaka RAM. Chomoa, futa meno yake kwa raba ya penseli, rudisha kipande kimoja kimoja.

Mzee alirudi kesho yake jioni. AutoCAD ikafunguka, akaita mchoro wa mfereji mmoja, ukajichora taratibu mstari baada ya mstari na yeye akiufuata kwa kidole bila kugusa kioo.

"Na hizi mega nane walizoniuzia?"

"Ziache tu mzee, hazidhuru."

Akaguna. Nikamwandikia ile mistari mitano kwenye karatasi, nikaibandika kwa selotepu upande wa ndani wa mfuniko, kisha tukaifunga tena kwa khanga.