Namna ya kupima sifa wanazobandikwa watu wa Ulaya

Mjerumani mchapakazi, Mgiriki mvivu, Mswisi hachelewi. Kabla hujalinganisha, tenga tendo na hukumu. Asiyetoa pesa ovyo huitwa mweka akiba na anayempenda, bahili na asiyempenda, ilhali tendo ni lilelile. Liandike tendo peke yake, tena kwa namna inayohesabika: saa za kazi, dakika za kuchelewa, mwendo wa miguu. Ubao maarufu wa Steiermark, Austria, uliochorwa mwanzoni mwa karne ya 18, ulipanga mataifa 10 kwa hukumu tupu, na Mturuki akawekwa safu moja na Mgiriki!

Kisha chora safu tatu: wasemayo majirani, wasemayo wenyewe, na kilichopimwa. Chukua uchapakazi. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa maoni la Pew, la Marekani, liliuliza watu wa nchi 8 za Umoja wa Ulaya nani mchapakazi kuliko wote. Nchi 7 zilitaja Ujerumani. Wagiriki walijitaja wenyewe. Sasa jaza safu ya tatu: kwa hesabu za OECD, jumuiya ya kiuchumi ya nchi nyingi tajiri, mfanyakazi wa Ugiriki hufanya kazi zaidi ya saa 1,800 kwa mwaka, wa Ujerumani hukaa karibu na 1,350.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, wakageuza tu kibao: basi Mjerumani ndiye mvivu. Wastani huo umeshushwa na Wajerumani wengi, hasa wanawake, wanaofanya kazi ya saa chache kwa wiki. Ugiriki ina wengi waliojiajiri, wenye maduka na mashamba, ambao siku yao ni ndefu. Saa zinavunja dai kwamba Wagiriki hufanya kazi kidogo. Hazipimi bidii ya mtu. Tija, yaani kinachozalishwa kwa kila saa ya kazi, nayo hutegemea mashine na aina ya kazi, kwa hiyo usiiite tabia.

Usiwaombe watu wajipe alama wenyewe. Mswisi hujipima kwa Waswisi wenzake, hivyo anayewahi dakika mbili anaweza kujiona mzembe. Tazama matendo. Utafiti wa wanasaikolojia Levine na Norenzayan wa 1999, katika nchi 31, ulipima mwendo wa watu barabarani kwa futi 60 (mita 18 hivi), muda wa karani wa posta kuuza stempu, na usahihi wa saa za benki. Kwa kasi ya jumla Uswisi iliongoza, Ireland ikafuata, na Italia ikaipita Uingereza. Lakini vipimo vilifanyika mijini, kwa hiyo linganisha mji na mji unaolingana nao, wala usiufanye mji mmoja uisemee nchi nzima. Milano ya kaskazini na Palermo ya kusini zote ni Italia.

Unapoandika matokeo, taja tendo, mahali na mwaka. Ukikuta umeandika “Waitaliano ni”, futa, uanze na “Mwaka fulani, katika mji fulani, waliopimwa wali-”.