Oilers Wakiingia Mtoano: Mwongozo kwa Waafrika Mashariki wa Edmonton

Katikati ya Aprili, Oilers, timu yetu ya hoki ya barafuni, wakiingia mtoano, jiji letu la Edmonton, Kanada, hubadilika. Bendera za rangi ya chungwa na buluu huchomekwa kwenye madirisha ya magari, mabasi ya jiji huandika "Go Oilers Go" kwenye kibao cha mbele, na kazini asubuhi kila mtu huuliza swali moja: jana uliona? Kama umetoka Kisumu, Tanga au Bujumbura na hujawahi kukanyaga barafu maishani mwako, ni rahisi kuamua kwamba mambo haya ni ya wenyeji. Mimi nasema ni yako pia. Katika mwaka mzima wa jiji hili sijaona msimu mwingine ambao mtu usiyemjua atakusemesha kituo cha treni bila kuanza na swali la ulikotoka. Anataka tu kujua unaonaje kipa wetu. Jibu lake ni vizuri uwe nalo.

Tuanze na jinsi mtoano wenyewe unavyokwenda, kwa sababu haufanani na ule tuliouzoea kwenye soka. NHL, ligi kuu ya hoki ya Kanada na Marekani, ina timu 32, na 16 kati yao huingia mtoano: nane za Mashariki na nane za Magharibi. Oilers wako Magharibi. Timu mbili zikipangwa, hurudiana mpaka mojawapo ishinde mara nne, kwa hiyo zinaweza kumalizana kwa mechi nne tu au kufika ya saba. Raundi ni nne. Anayetaka Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa ligi hii, lazima ashinde mechi 16, na safari hiyo huchukua kama miezi miwili, hadi Juni. Timu yenye rekodi bora zaidi huanza na mechi mbili nyumbani, zinafuata mbili ugenini, kisha kuanzia ya tano wanapokezana moja moja. Mechi ya tano, ya sita na ya saba huwekwa kwenye ratiba kwa masharti: zitachezwa zikihitajika.

Hapo ndipo penye kazi kwa sisi wa zamu. Wengi wetu tuko kwenye nyumba za wazee, maghala, hospitali na usafi wa ofisi za usiku, na mechi huchezwa jioni, saa ile ile ambayo wengi tunaingia kazini. Ratiba ya raundi hutoka baada ya wapinzani kujulikana, pengine siku chache tu kabla. Ikitoka, ongea na msimamizi wako siku hiyo hiyo, maana mwenzako naye ni shabiki na jioni anayoitaka ni hiyo hiyo. Omba kwanza mechi nne za mwanzo. Kubadilishana zamu ni rahisi ukiwa na kitu cha kutoa: mchukulie mwenzako Jumapili yake, au siku ya sikukuu yake, naye akuachie Jumanne ya mechi. Ukijenga mkopo huo mapema, tangu Februari na Machi, Aprili hutahangaika.

Angalia saa vizuri. Matangazo mengi ya televisheni hutaja saa za Toronto na New York, ambazo ziko mbele ya Edmonton kwa saa mbili. Mechi iliyotangazwa kuanza saa nne usiku kwa saa za huko, kwetu ni saa mbili usiku. Na ndugu wa nyumbani wanaotaka kufuatilia nawe waambie ukweli: wakati huo wa mwaka Nairobi, Dar es Salaam na Kampala ziko mbele yetu kwa saa tisa, kwa hiyo mechi ya saa moja jioni hapa huanza saa kumi alfajiri kule. Anayeamka kwa swala ya alfajiri atawahi vipindi viwili vya mwisho kati ya vitatu. Kigali, Bujumbura na Lubumbashi toa saa moja, Muscat ongeza moja.

Muda wa nyongeza nao ni wa kupangiwa. Katika mtoano hakuna sare na hakuna mikwaju ya penati. Dakika 60 zikiisha wakiwa sawa, wanacheza kipindi kingine kizima cha dakika 20, na goli la kwanza, goli la dhahabu kama tulivyoliita enzi zile kwenye soka, linamaliza mchezo. Lisipopatikana, wanapumzika na kuanza kingine. Mwaka 1936 Detroit na Montreal Maroons walifika kipindi cha sita cha nyongeza. Kwa hiyo kama una zamu ya saa kumi na mbili asubuhi, amua mapema utalala saa ngapi, na ukiwa mjini jua treni au basi la mwisho ni la saa ngapi.

Sheria za mchezo utazipata kwa kutazama, ila mambo matatu yatakusaidia tangu dakika ya kwanza. Kila upande una wachezaji watano na kipa, na wanabadilishana bila mchezo kusimama, kila baada ya kama dakika moja au chini ya hapo, kwa sababu hakuna binadamu anayeweza kukimbia barafuni kwa kasi ile muda mrefu. Usitafute mchezaji mmoja kwa macho, tazama safu inayoingia. Pili, mchezaji akikosea hutolewa kwa dakika mbili na timu yake hubaki pungufu. Oilers wamekuwa hatari sana katika dakika hizo, basi mwamuzi akiinua mkono dhidi ya mpinzani, acha chai, rudi kwenye kiti. Tatu, ukiona timu inayofungwa imemtoa kipa wake dakika za mwisho na lango liko wazi, haijachanganyikiwa. Imeongeza mshambuliaji wa sita kutafuta goli la kusawazisha. Kuotea kupo, ila hapa huamuliwa kwa mstari wa buluu uliochorwa barafuni, si kwa beki wa mwisho.

Historia ndiyo itakayokufungulia mazungumzo na wazee wa jiji hili. Oilers walichukua kombe mara tano: 1984, 1985, 1987, 1988 na 1990. Agosti 1988, miezi michache tu baada ya kombe la nne, nyota wao Wayne Gretzky aliuzwa kwa Los Angeles Kings, na hadi leo kuna watu hapa wanaolizungumzia jambo hilo kwa sauti ya msiba. Mwaka 2006 walifika fainali wakafungwa na Carolina katika mechi ya saba. Kisha ukaja mwaka 2024: walifungwa na Florida Panthers mechi tatu za mwanzo za fainali, wakashinda tatu mfululizo, wakapoteza ya saba kwa goli moja, 2-1. Connor McDavid, nyota wa Oilers, alipewa tuzo ya mchezaji bora wa mtoano ingawa timu yake ilishindwa, jambo ambalo ni nadra mno. Mwaka 2025 wakarudi fainali na Panthers wale wale, wakafungwa katika mechi ya sita. Ukitaka kueleza kwa nini jiji linapagawa kila Aprili, maelezo ni hayo: vijana wengi hapa wamezaliwa na kukua bila kuona kombe, na wameligusa kwa ncha za vidole.

Jina moja zaidi, na hili naomba uwafundishe watoto wako. Grant Fuhr, kipa mweusi, alizaliwa Spruce Grove, mji mdogo ulio magharibi tu mwa Edmonton. Alikuwa mmoja wa makipa wa timu katika miaka yote ile ya makombe, na mwaka 2003 akawa mchezaji wa kwanza mweusi kuingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa mchezo huu. Jezi yake namba 31 imetundikwa Rogers Place, uwanja wa Oilers. Mtoto akirudi kutoka shule amesikia kwamba huu si mchezo wa watu kama yeye, mpeleke akaione.

Sasa mahali pa kutazama. Tiketi za ndani wakati wa mtoano ni ghali, na zinapanda kila raundi. Kama umeamua kujipa zawadi hiyo, chagua raundi ya kwanza. Nunua kwa njia rasmi tu. Tiketi za siku hizi hukaa kwenye simu, na zinahamishwa kutoka akaunti hadi akaunti. Anayekutumia picha ya tiketi kwa WhatsApp na kutaka umtumie pesa kwa benki kwanza, hata kama ni mtu wa jumuiya yetu, muache. Pesa iliyoenda kwa njia hiyo hairudi.

Bila tiketi hujakosa kitu. Nje ya uwanja, kwenye eneo la Ice District, katika mitoano ya miaka hii maelfu wamekuwa wakitazama kwenye skrini kubwa bila kiingilio, na Oilers wanapocheza ugenini uwanja wenyewe umekuwa ukifunguliwa watu watazame ndani kwa tiketi ya bei ndogo. Shuka kituo cha treni cha MacEwan, uko mlangoni. Acha begi kubwa nyumbani. Vaa koti hata kama jua linawaka, maana Aprili theluji bado huanguka na jioni hupoa haraka. Jezi mpya bei yake inauma. Maduka ya mitumba yana za miaka ya nyuma, na hakuna atakayekucheka kwa kuvaa jina la mchezaji aliyestaafu. Wimbo wa taifa wa Kanada ukianza, simama na uimbe nao. Umati wa Edmonton huuimba kwa sauti moja, na ni jambo la kusikia ukiwa katikati yake.

Mimi napenda zaidi sebuleni. Mapumziko kati ya vipindi ni kama dakika 18, yanatosha kukaanga sambusa na kumwaga chai mpya. Alika jirani. Mwite yule mzee wa nyumba ya pili ambaye mmepungiana mikono tu tangu ulipohamia, atakuelezea sheria kwa furaha na atakula mahamri yako yote. Wapunjabi wa Kanada wamekuwa na utangazaji wa mchezo huu kwa lugha yao tangu 2008. Sisi wa Kiswahili hatuna bado, lakini kila sebule ina mtu mwenye kipaji cha kutangaza. Mpe nafasi, zima sauti ya televisheni kipindi kimoja, watoto wasikie mchezo huu kwa lugha yao.

Na kuhusu kubeti: matangazo yatakufuata katika kila mapumziko. Wengi wetu tumeona yalivyofanya kwa vijana nyumbani. Pesa ya ada ya mdogo wako isiguse mchezo huu hata kidogo.

Mfululizo ukiisha usizime haraka. Wachezaji waliopigana mieleka kwa wiki mbili hupanga mistari miwili na kupeana mikono mmoja mmoja, na mara nyingi ndevu zao zimeota vichaka, kwa kuwa desturi ni kutonyoa hadi timu itolewe. Waite watoto waone hilo.

Mtoto akivutiwa, usisubiri Aprili nyingine. Wakati wa baridi mitaa mingi ya Edmonton ina viwanja vya barafu vya nje vinavyoendeshwa na vyama vya wakazi, na viatu vya kuteleza vilivyotumika hupatikana kwa bei ya kawaida. Muonyeshe pia timu ya hoki ya Ice Lions wa Nairobi, walioanzia kwenye kiwanja kidogo cha hoteli ya Panari: mwaka 2018 waliletwa Kanada wakacheza pamoja na nyota wa NHL Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, na mwaka 2024 Kenya ikakubaliwa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la dunia la mchezo huu. Kisha Septemba, Oilers wanapocheza mechi za maandalizi na viti vikiwa vya bei nafuu kuliko wakati wowote wa mwaka, nunua vya familia nzima mwende Rogers Place.