Ukienda luau, karamu ya jadi ya Hawaii, fanya hivi
Tiketi kata mapema, na ufike kabla jua halijazama maana hapo ndo wanafukua imu, lile shimo la mawe ya moto, nguruwe kafunikwa majani ya mgomba na ya ti (mmea wa huko wenye majani mapana), mvuke ukipanda tu harufu ile hutaisahau. Ukivishwa lei, lile shada la maua la shingoni, usiivue mbele ya aliyekuvisha, ni kumdharau. Kama huli nguruwe uliza kila sahani, hata laulau, nyama iliyofungwa kwenye majani ya magimbi, mara nyingi nguruwe anakuwemo. Poi ni magimbi yaliyopondwa, ina uchachu kidogo, usiilambe yenyewe ukasema mbaya, uile na nyama yenye chumvi ndo utaielewa. Hula, ngoma ya Kihawaii, ikianza weka simu chini jamani, mikono ile inasimulia hadithi. Ile ngoma ya visu vya moto ni ya Wasamoa, watu wengi wanachanganya wakidhani ni ya Kihawaii.