Somo: Kuilaza mashine ya alizeti msimu wa mvua isiliwe na kutu

Habari zenu wakuu. Wiki hizi nikipita Kibaigwa, Dodoma, naona mashine zinafungwa moja moja, mbegu zimeisha ghalani, watu wanarudi shamba. Ndiyo maana naleta somo hili sasa. Mashine ya kukamua alizeti haifi sana ikiwa kazini. Hufa ikiwa imelala.

Jamaa zangu wa Tanga wakisikia nazungumzia kutu ya Dodoma wanacheka. Wanasema nyie wa huko kukavu mna kutu gani? Kweli, mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili. Lakini tazameni kalenda yetu. Alizeti tunapanda Desemba na Januari, tunavuna kuanzia Mei, tunakamua kiangazi. Mashine inafanya kazi siku kavu na kupumzika siku za mvua. Tumeipangia wenyewe ratiba ya kuliwa.

Kutu inataka maji na hewa, basi. Si lazima mvua iinyeshee mashine. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 60 hivi, chuma kitupu huanza kuota kutu, na penye chumvi huanza hata chini ya hapo. Visima vyetu vingi vina maji ya chumvi, na ndiyo tunayooshea mashine.

Mimi mwenyewe mwaka mmoja nilifunga kazi mashudu (makapi ya mbegu zilizokamuliwa) yakiwa bado ndani. Nilisema nitasafisha Jumapili. Jumapili hiyo haikufika. Mwezi wa sita kijana wangu akawasha injini, skrubu ya kukamulia haizunguki, mkanda ukaungua, na alipolazimisha shafti ikapinda. Mashudu hunyonya unyevu, yakioza yanakuwa na asidi, na kutu ikishatoka huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma ilichokula. Ndiyo maana vyuma vilivyokuwa vinapishana vizuri vinakabana kama vimechomelewa.

Hatua ya kwanza: toa mashudu yote siku ileile ya mwisho, mashine ikiwa bado vuguvugu. Injini izimwe na mkanda uvuliwe kabla hujatia mkono. Yakipoa yanakuwa jiwe. Fungua kizimba (vyuma vinavyoizunguka skrubu), panga vyuma vyake kwa mfuatano (weka alama kwa chaki, utanishukuru), kwangua kwa kijiti na brashi ya waya. Usioshe kwa maji ya kisima. Ukilazimika, tumia maji ya mvua, ufute na kuanika juani siku hiyohiyo.

Hatua ya pili: paka kinga kwenye skrubu na vyuma vya kizimba. Hapa wengi hupaka mafuta ya alizeti kwa kuwa yapo. Msifanye hivyo. Mafuta ya alizeti yakikaa hewani hukauka yakawa gundi, tena huchacha. Tumieni grisi au oili ya mashine za chakula. Kopo lake lina alama ya H1. Ukikosa, mafuta ya mgando ya kujipaka yale meupe yasiyo na manukato yanafaa. Msimu ukianza futa yote kwa kitambaa, kisha pitisha mbegu kidogo za kusafishia. Mafuta ya mkamuo huo wa kwanza yasiuzwe wala kuliwa.

Hatua ya tatu ni injini, na hapa nitakaa kidogo. Karibu wote tunabadilisha oili msimu unapoanza. Ni kinyume. Oili iliyotumika imebeba maji na asidi kutoka kwenye moshi wa dizeli, na ukiiacha ndani miezi mitano unaziloweka beringi kwenye asidi. Badilisha kabla ya kulaza, washa injini dakika chache oili mpya isambae, kisha zima. Mwaga maji yote ya kupoozea, usiache hata tone chini ya tangi, maana ndiko kunakotoboka. Jaza tangi la dizeli mpaka juu; likiwa nusu, hewa iliyobaki hutoa jasho usiku na maji yanashuka chini. Kisha tia kijiko cha oili safi kwenye njia ya hewa na zungusha kwa mkono bila kuwasha. Rudia kuzungusha kila mwezi. Bomba la moshi lifunike kwa kopo. Nimeshuhudia mvua moja ikiingia na kugandisha pistoni. Betri itoe, ichaji, iweke ndani.

Hatua ya nne, rangi ya fremu na hopa (faneli ya kumiminia mbegu) kwa nje. Kwangua kutu mpaka chuma king'ae, piga msasa, futa kwa thina, paka praima ya kuzuia kutu siku hiyohiyo kabla ya jioni, kisha rangi mikono miwili. Ndani ya hopa panapopita mbegu, acha.

Hatua ya tano, kufunika. Inua mashine juu ya magogo, turubai lifunike juu tu, pembeni liwe wazi hewa ipite. Ukilifunga mpaka chini kwenye sakafu ya udongo, unyevu wa ardhi unapanda na kunaswa humo. Mashine inakuwa imevikwa nguo mbichi.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Shikamoo fundi. Huku Kongwa wote tunapaka oili chafu ya gari, ni ya bure. Ina ubaya gani?
Marahaba mama. Kwenye magurudumu ya trela sitakukataza. Kwenye mashine ya chakula hapana, ina sumu, na asidi ile niliyoitaja imo. Tena inanasa vumbi, na siku ukitaka kupaka rangi haitashika.

Mkuu, mimi nilipaka rangi nzuri ya bei, mwaka haukuisha ikavimba kama upele. Niliuziwa feki?
Inawezekana, ila nakushuku wewe kwanza. Ulipaka juu ya kutu? Kutu ni kama sifongo, ina maji na chumvi ndani, inaendelea kula chini kwa chini. Hata bamba jipya la chuma lisilo na zinki huwa na ngozi nyeusi ya kiwandani. Usipoiondoa hubanduka na rangi yake.

Fundi, tangi langu la maji la chuma limewekewa koki ya shaba. Limetoboka palepale kwenye koki, kwingine zima.
Chuma na shaba vikigusana ndani ya maji vinafanya kazi kama betri, na anayeliwa ni chuma. Maji ya chumvi huharakisha. Weka kiungo cha plastiki kati yao, au koki yenyewe iwe ya plastiki.

Kaka, nataka kuchomelea fremu ya mabomba ya mabati yenye zinki ili nisahau kutu. Vijana wanasema ninywe maziwa kwanza.
Zinki ni kinga nzuri sana. Hata ikikwaruzwa inakubali kuliwa yenyewe kabla ya chuma. Lakini huchemka kwenye nyuzi joto 907, na moto wa kuchomelea unapita hapo mbali. Moshi wake mweupe ndio unaoleta ile homa ya usiku na kutetemeka. Maziwa hayazuii, yanakwenda tumboni na moshi unakwenda mapafuni. Saga zinki sentimita kadhaa kila upande wa kiungo, vaa barakoa ya moshi wa kuchomelea, chomelea nje huku upepo ukitokea ubavuni kwako. Ukimaliza paka kiungo rangi yenye zinki, kwani pale umeshaiunguza.

Bolti zangu zimekamatana, nizikate?
Subiri kwanza. Loweka kwa dizeli usiku kucha, gonga taratibu, kaza kidogo kabla ya kulegeza. Zikitoka, zitumbukize kwenye siki siku nzima, suuza kwa maji ya magadi, kausha, paka grisi. Zenye nyuzi zilizolika usizirudishe kwenye kizimba.