Bapa la inchi ngapi kwa chenso ya kuni? Ninavyochagua mimi

Mtu akienda kununua chenso, yaani msumeno wa injini, macho yanakimbilia mbele, kwenye lile bamba ambalo mnyororo unazungukia. Likiwa refu anaona amepata mashine kweli. Wapo wanaoliita bledi; mimi nitaliita bapa. Nami nilianza na ugonjwa huohuo. Mwaka wangu wa kwanza wa kukata kuni za milingoti (mikaratusi) huku Njombe nilikuwa na mashine ya cc 45. Nikaivua bapa lake la inchi 16, nikaivalisha la inchi 20, nikajiona fundi. Klachi haikumaliza msimu.

Basi hivi ndivyo ninavyofanya siku hizi.

Hatua ya 1: Pima magogo kabla ya kugusa mashine

Chukua futi kamba, nenda kwenye rundo, pima unene wa magogo 20 bila kuchagua. Usipime lile kubwa unalojivunia. Kwenye kuni zangu, ambazo ni milingoti ya miaka saba hadi kumi na miwati, mengi yapo kati ya sm 15 na 30. Bapa la inchi 16 ni sm 40. Maana yake bapa dogo ninaloliona la kitoto linavuka karibu kila gogo nililonalo, na nafasi inabaki.

Hatua ya 2: Tafuta nguvu ya injini, usiishie kwenye cc

Cc ni ukubwa wa silinda. Nguvu inaandikwa kwa kilowati, na utaikuta kwenye kitabu cha mashine (kilowati 1 ni kama nguvu farasi 1.34). Vitu hivi viwili haviendi sambamba. Ile 070 ya kampuni ya Stihl, mashine ya wapasua mbao, ina cc 105 na inatoa kilowati 4.8 hivi. MS 381 ya kampuni hiyohiyo ina cc 72 tu, lakini inatoa 3.9. Ya kwanza inazunguka taratibu na kuvuta kama ng'ombe wa jembe. Ya pili inakwenda mbio. Kwa kukatakata kuni siitaki 070 hata bure, maana jioni mgongo wako utakuwa unaongea.

Halafu kuna jambo ambalo muuzaji wa Dar es Salaam hana sababu ya kukwambia: mwinuko. Hewa ya juu ni nyepesi, na injini isiyo na hewa ya kutosha inakosa nguvu. Kwa makadirio ya kawaida unapoteza asilimia 1 hivi kwa kila mita 100 za kupanda. Njombe mjini tupo karibu mita 2,000 juu ya bahari, kwa hiyo toa moja ya tano. Mashine ya kilowati 2.3 huku inafanya kazi kama ya 1.85. Kabureta nayo inahitaji kurekebishwa, la sivyo itakunywa petroli nyingi na kutoa moshi bure.

Hatua ya 3: Gawanya nguvu kwa meno

Hapa ndipo penye siri yote. Pichi ni wastani wa nafasi kati ya pini moja ya mnyororo na nyingine, kwa inchi. Kwenye mnyororo wa pichi 3/8 jino la kukata lipo kila sm 3.8. Ukizamisha bapa lote la inchi 16, meno kama 10 yanauma mti kwa pamoja. Ukizamisha la inchi 20, yanakuwa 13. Chukua ile kilowati 1.85: kwenye bapa fupi kila jino linapata takriban wati 180, kwenye refu wati 140. Injini ni ileile, gogo ni lilelile, lakini jino limenyimwa chakula.

Utaniambia gogo la sm 25 linaguswa na meno sita au saba tu, bapa liwe refu au fupi. Kweli. Lakini bapa refu lina mnyororo mrefu wa kuburuzwa, linahitaji oili zaidi kuliko pampu ndogo inavyoweza kutoa, na uzito wake uko puani. Baya zaidi ni kwamba linakutia tamaa. Siku ukikutana na tako (kipande kinene cha chini ya shina) la sm 48 utalizamisha lote, mnyororo usimame ndani ya mti huku injini inapiga kelele. Kinachoteleza wakati huo ni klachi ndani ya kikombe chake. Changu nilipokifungua kilikuwa kimegeuka rangi ya bluu kwa joto.

Makadirio yangu ya kuni ngumu ni haya. Cc 30 hadi 38: inchi 12 au 14. Cc 40 hadi 50: inchi 16, na 18 ukiwa ukanda wa chini au unakata misindano (misonobari) laini. Cc 55 hadi 62: inchi 18. Cc 70 na kidogo: inchi 20, ukibanwa 24. Zile mashine za bei nafuu za cc 52 na 58 mara nyingi huja na bapa la inchi 20 au 22; omba la 18. Kitabu cha mashine kitakupa urefu wa chini na wa juu kabisa. Ule wa juu uusome kama mpaka, usiufanye makazi.

Hatua ya 4: Hakikisha vinaoana

Bapa linapimwa kuanzia mwili wa mashine hadi puani; usipime bamba zima likiwa limevuliwa, utapata inchi kadhaa za uongo. Kisha angalia vitu vitatu, kwa kawaida vimechongwa kwenye bapa lenyewe: pichi, upana wa mfereji, na idadi ya vipande vya chini vinavyoingia kwenye mfereji huo. Pichi ya bapa, ya mnyororo na ya gia lazima iwe moja. Bapa la inchi 20 la pichi 3/8 mara nyingi linachukua vipande 72, ila usiniamini mimi, hesabu wa kwako. Nenda dukani na mnyororo wa zamani mfukoni.

Hatua ya 5: Jaribu

Noa kwanza. Mnyororo butu utakufanya ulilaumu bapa bure. Tupa ya mm 4.8 ni ya pichi .325, kwa 3/8 kubwa (siyo ile ndogo ya mashine nyepesi) tumia ya mm 5.5 au 5.2.

Elekeza pua ya bapa kwenye gome jeupe au kipande cha boksi bila kugusa, vuta mafuta (bonyeza kifyatulio cha kasi) kwa sekunde chache. Uone mstari wa oili. Usipouona, usikate.

Sasa chukua gogo ambalo unene wake unakaribia urefu wa bapa, vuta mafuta mpaka mwisho, acha mashine ishuke kwa uzito wake. Takataka zitoke vipande vinene. Zikitoka unga na mnyororo umenolewa, au injini ikizama kila unaposukuma, bapa ni refu mno kwa mashine hiyo. Shuka inchi mbili.

Hatua ya 6: Gogo likizidi bapa

Kata upande wako hadi katikati, zunguka, malizia upande wa pili kwenye mstari uleule. Kwenye mteremko simama upande wa juu wa mlima kuliko gogo, kamwe usikae upande wa chini yake. Usiingie na kona ya juu ya pua, maana hapo ndipo chenso inaporuka kuja usoni, na bapa refu halikuongezei usalama wowote. Kwa njia hii la inchi 18 linamaliza tako la sm 75. Likizidi hapo sinunui bapa jipya. Namwita jirani mwenye mashine ya cc 72, namlipa kwa kuni.