Mirathi Mtwara na Lindi: kutoka kibali cha mazishi hadi Fomu Na. 6

Ndugu wengi wakishashika barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani huona kazi imekwisha. Kisheria ndiyo kwanza imeanza: msimamizi hukusanya mali ya marehemu, hulipa madeni, hugawa, kisha hurudi mahakamani kutoa hesabu. Hapa tunazungumzia zaidi mahakama ya mwanzo, ambako familia za vijijini huanzia.

Anza na cheti cha kifo. Kibali cha mazishi ulichopewa hospitalini au kwa mtendaji si cheti. Kazi yake ni kukuwezesha kuombea cheti RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, kwa mfumo wake wa mtandaoni wa eRITA au kwa msajili wa wilaya, ambaye yuko ofisi ya mkuu wa wilaya. Kabla cheti hakijachapwa, linganisha majina na kitambulisho cha NIDA, kitabu cha benki na hati ya kiwanja. Huku kwetu Hamisi huandikwa Amisi, na jina la babu huwekwa au huachwa kadiri ya mwandikaji. Benki hailioni hilo kuwa dogo. Majina yakishatofautiana, andaa mapema kiapo cha majina, yaani hati ya kuapa kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja. Usingoje dirisha la benki likurudishe.

Kisha kaeni kikao cha familia. Sheria haikuweka muhtasari wa kikao kuwa sharti, ila mahakama nyingi huuliza, kwa hiyo uandikwe vizuri: tarehe, mahali, waliohudhuria na saini au dole gumba zao, warithi wote kwa majina na umri, mali, madeni, na nani amependekezwa. Wataje wake wote na watoto wote, hata wale ambao baadhi ya ndugu hawataki kuwasikia. Mtoto anayefichwa kwenye muhtasari ndiye atakayeleta pingamizi baadaye. Kama kuna wosia, usomwe hapo na uambatishwe kwenye maombi.

Kikao cha Kusini kina jambo lake. Wamakonde, Wayao, Wamwera na Wamakua wana asili ya ukoo wa mama, na mjomba husikilizwa. Anaweza kuongoza kikao, hata kupendekezwa kuwa msimamizi, lakini usimamizi haumfanyi kuwa mrithi. Mahakama huamua sheria ya kutumia kwa kuangalia maisha ya marehemu: kama alikuwa Mwislamu na aliishi Kiislamu, mpwa hatawatoa watoto kwenye urithi. Ubishi ukiwa ni wa mila, jueni pia kwamba tamko la sheria za mila la 1963 liliandikwa kwa kufuata makabila ya ukoo wa baba. Anayesema “mila yetu inasema hivi” hatakuta mila ya ukoo wa mama humo. Aje na wazee wa kuithibitisha.

Maombi hupelekwa mahakama ya mwanzo ya mahali marehemu alipokuwa na makazi, hata kama alifia hospitali ya Ndanda au Muhimbili. Mahakama hiyo husikiliza mirathi ya Kiislamu na ya kimila. Marehemu asiyeangukia kwenye sheria hizo mbili, kwa mfano Mkristo aliyeishi kabisa nje ya mila, mirathi yake huanzia ngazi za juu. Mahakama Kuu Kanda ya Mtwara inahudumia mikoa yote miwili. Kukosea hapa ni ghali, maana uamuzi wa mahakama isiyo na mamlaka hufutwa wote, na mgawanyo pamoja nao.

Jaza Fomu Na. 1, ambatisha cheti na muhtasari. Mahakama hutoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze, na inaweza kudai wadhamini. Siku ya kusikilizwa nenda na warithi. Usipopingwa, utapewa Fomu Na. 4, yaani barua ya usimamizi. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 30 za kukata rufaa mahakama ya wilaya.

Kabla ya barua hiyo, usiguse fedha. Kutoa hela kwenye simu ya marehemu kwa namba yake ya siri, hata kama ni za sanda, huzaa kesi ambayo risiti haitakusaidia kuimaliza.

Korosho zinahitaji uangalifu wa pekee, maana msimu haungoji mahakama. Peleka nakala ya Fomu Na. 4 kwenye AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika kinachopokea korosho, uombe mzigo uandikwe kwa mirathi, usiuandike kwa jina lako. Tunza kila stakabadhi. Tenga gharama za salfa, palizi na uokotaji, uziandike siku hiyohiyo. Kama marehemu aliweka mikorosho rehani au alichukua fedha za kangomba, yaani za walanguzi wanaonunua korosho nje ya ushirika, mdai atakuja na daftari lake: mtake aonyeshe ushahidi mbele ya familia, usilipe kwa maneno.

Ndani ya miezi minne tangu uteuzi unatakiwa kuwasilisha Fomu Na. 5, orodha ya mali na madeni. Ukiteuliwa Oktoba, muda unaisha Februari, wakati mauzo ya korosho yamekwisha fanyika. Mahakama itauliza fedha zake ziko wapi. Kwa kila shamba andika kitongoji, majirani wa pande nne na idadi ya miti. Tunashauri mgawane ardhi yenye mipaka, si miti. Mkorosho hufa au hukatwa, na hapo aliyepewa “miti kumi” hajui ardhi ni ya nani.

Sehemu ya mjane aliyoitafuta mwenyewe, au waliyonunua kwa majina mawili, hutolewa kwanza, si mirathi. Baada ya hapo, kwa sheria ya Kiislamu, ni mazishi, madeni, wosia usiozidi theluthi moja, ndipo urithi. Chukua milioni 24 zilizobaki, mke mmoja, wana wawili na mabinti watatu, wazazi wameshatangulia. Mke anapata thumuni, yaani moja ya nane, milioni 3. Milioni 21 zinagawanywa mafungu saba: kila mwana mafungu mawili, milioni 6, kila binti moja, milioni 3. Fungu la mtoto aliye chini ya miaka 18 lisiishie mfukoni mwa mlezi bila mahakama kujua.

Ukimaliza, jaza Fomu Na. 6: kilichoingia, kilicholipwa, kilichouzwa na nani amepata nini, kila mrithi akisaini. Omba mahakama ifunge shauri na ikupe nakala ya uamuzi iliyogongwa muhuri. Mpe nakala kila aliyepata shamba au kiwanja, kwa ajili ya mtendaji wa kijiji au ofisi ya ardhi siku atakapobadilisha jina.